Pua ya Kuazima

Sisi watu wa Amu, mji wa kisiwani Lamu, tulio na magari, magari yetu hayakai nasi. Yanakaa ng'ambo, Mokowe, pale barabara inapoishia na mashua zinapoanzia. Ukitaka kusafiri unavuka na mizigo yako, unalikuta gari limelala ulipoliacha, limeshika vumbi, na lazima awepo mtu wa kuliamsha. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtu huyo, kwa wengi wetu, amekuwa Husni bin Gharib, fundi aliyezaliwa mji wa Pate.

Babake alikuwa mkulima wa tumbaku. Husni alikulia kwenye nyumba ambayo majani yalianikwa kila mahali penye upepo, na alipenda kusema kwamba akiwa na miaka saba aliweza kujua kwa harufu tumbaku imekauka kiasi gani kabla hajaigusa. Alipofika kumi na sita, mamake alimpeleka Matondoni kwa mjomba wake Bakr. Matondoni wengi kazi yao ni mbao za mashua, lakini Mjomba Bakr alikuwa mtu wa chuma. Yeye ndiye aliyekuwa akitia injini za dizeli kwenye mashua, na zikiharibika aliitwa hadi Kizingitini kwenda kuzifungua.

Mjomba huyu alikuwa na mafundisho ya ajabu. Kila asubuhi, kabla ya spana kushikwa, alimfunga Husni kitambaa machoni na kumletea matambara puani, moja baada ya jingine.

"Hii nini?"

"Grisi iliyoungua."

"Na hii?"

"Oili iliyoingia mai ya chumvi."

"Na hii?"

"Mkanda wa mpira."

Akikosea, hakupigwa wala kutukanwa. Alirudishiwa tambara lile lile kesho yake, na kesho kutwa, mpaka alijue. "Chuma hakipigi kelele mpaka kimeumia," Mjomba Bakr alimwambia. "Lakini kabla ya kelele hunuka. Fundi angojaye kelele amechelewa."

Husni alihamia Mokowe mwaka wa tisini na moja. Barabara wakati ule ilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha, gari lililotoka Malindi liliweza kukwama Witu siku tatu, abiria wakalala misikitini na kupikiwa na watu wasiowajua. Kuna miaka magari yalikwenda kwa msafara na askari, kwa hofu ya majambazi. Yakifika Mokowe yalikuwa yamevunjika springi, yamepasuka tangi, mengine yanatoa moshi kama tanuri la chokaa, na Husni aliyapokea yote kwenye kibanda chake cha mabati karibu na gati. Wazee wetu walimwachia funguo na kurudi zao Amu bila ya kuuliza lolote.

Miongoni mwao alikuwa Bwana Swafwan, mwalimu wa hesabu, aliyenunua gari jeupe refu la milango mitano mwaka wa tisini na sita. Kila likizo Bwana Swafwan alimchukua mkewe, Bi Rawiya, na watoto wao watatu kwenda Malindi kwa jamaa. Wakirudi, Husni alikuwa na mchezo wake. Alifungua mlango wa gari, akaingiza kichwa, akavuta pumzi, kisha akawaambia watoto safari yao yote.

"Mumepita Witu, mumenunua maembe. Mumekula samaki wa kukaanga humu ndani, na babenu hakupenda. Na huyu," akamwonyesha Ibtihal, aliyekuwa mdogo wao, "ametapika."

Ibtihal alijificha nyuma ya buibui la mamake. Ndugu zake walicheka mpaka wakaketi chini. Kwa muda mrefu watoto wale waliamini kwamba fundi wa Mokowe ana majini.

Miaka ikaenda kwa mtindo huo. Lami ikaja. Bandari mpya ikajengwa, malori yakawa mengi, na gereji nyingine zikafunguliwa. Jirani yake wa karibu akawa Rufus, kijana wa Mpeketoni aliyesomea ufundi chuoni, mwenye kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye gari ikamsomea maradhi yake. Husni hakumwonea wivu. Magari ya zamani hayana mahali pa kuchomeka kompyuta, na Amu ina magari mengi ya zamani.

Kisha, mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja, homa ile iliyozunguka dunia nzima ikamfikia na yeye. Alilala siku kumi. Siku ya kumi na moja aliamka, akaoga, akaketi barazani, akamwuliza mkewe, Mwanatumu, kwa nini asubuhi ile hakukuwa na kahawa. Mwanatumu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, kikaango mkononi, anakaanga buni. Moshi wa buni ulikuwa unampitia Husni usoni.

Mwanatumu alikiweka kikaango chini, akaenda ndani akarudi na karafuu, akazitwanga, akampelekea puani. Hakuna. Akamletea siki. Hakuna. Akamletea shati lake mwenyewe la kazini, lililojaa oili ya wiki mbili, na hapo Husni alilishika shati lile kwa mikono miwili, akalibana usoni na kukaa nalo hivyo, na Mwanatumu akaenda zake jikoni ili asimwone.

Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Husni akangoja mwezi, akangoja mwaka. Kilichomuumiza zaidi, alikuja kusema baadaye, si kwamba hakusikia harufu za leo, bali kwamba na za zamani zilikuwa zikimtoka. Alijua kwamba nyumba ya Pate ilikuwa ikinuka tumbaku, kama mtu anavyojua jina la babu yake aliyekufa kabla hajazaliwa. Harufu yenyewe hakuweza kuiita ikaja.

Hakumwambia mtu ila mkewe. Fundi asiyesikia harufu ni nani? Aliendelea kufanya kazi, akitumia macho na masikio, mpaka siku alipokuwa akichoma chuma cha bampa kwa mashine ya weldingi, na Rufus akaja mbio kutoka gereji ya pili akipiga ukelele, "Mzee, zima! Zima hiyo!" Tangi la gari lilikuwa linavuja petroli mchangani, karibu na miguu yake. Rufus alishangaa vipi mtu hakusikia harufu kali namna ile. Husni alisema ana mafua.

Tangu siku hiyo aliacha injini. Alishika magurudumu, breki na springi, kazi ambazo jicho linatosha. Akiulizwa, alisema uzee.

Bwana Swafwan alifariki mwaka uliofuata. Gari jeupe lilikaa Mokowe miezi minane bila ya kuwashwa, funguo ziko Amu ndani ya kabati. Halafu, kwa mshangao wa wengi, Bi Rawiya akaanza kuvuka na kuliendesha mwenyewe. Mumewe alikuwa amemfundisha zamani, kwenye uwanja nyuma ya gati, na leseni alikuwa nayo. Alikwenda nalo Hindi, kijiji cha bara si mbali na Mokowe, alikokuwa na shamba la mikorosho, na kurudi. Safari fupi fupi, mara moja au mbili kwa wiki.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, asubuhi ya Jumamosi, gari lile lilisimama mbele ya kibanda cha Husni. Bi Rawiya akashuka. Ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, na Amu anajulikana kwa jambo moja: udi. Yeye ndiye anayemtengenezea bibi harusi udi wake katika nyumba nyingi za mtaa wetu. Husaga, huchanganya, huonja kwa pua, huongeza tone moja la marashi na kupunguza jingine, kama mamake alivyomfundisha.

"Asalaam aleikum, Bwana Husni."

"Waaleikumu salaam, Bi Rawiya. Karibu."

"Gari yanuka," alisema. "Yanuka moto. Miezi mitatu sasa."

Husni akafuta mikono yake polepole. "Mimi injini siku hizi sishiki, Bi Rawiya. Mato yamechoka, sioni vizuri. Nenda Hindi, kuna mafundi wazuri."

"Nimekwenda. Wa kwanza amebadilisha gasketi ya juu mara mbili, na yanuka vile vile. Wa pili amesema injini imekwisha, ring'i za pistoni zimelika, nitafute injini nyingine. Mwanangu Wazir asema tuiuze hivi hivi ilivyo. Na Ibtihal yuko Malindi, ataka kuzaa, nami Alhamisi lazima niwe ndiani." Akamnyoshea funguo. "Marehemu alikuwa na neno lake. Gari ikikwama, mwite yeyote. Ikinuka, mpeleke kwa Husni."

Neno la marehemu ni zito. Husni hakuweza kusema hapana, na hakuweza kusema kweli. Basi alifanya alichokuwa akifanya zamani. Akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akakaa hivyo kiasi. Kisha akashuka, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Naam. Oili."

Bi Rawiya alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo watu wa pale gatini wasingeisikia:

"Bwana Husni, yana jioni kwenye gari hii imepasuka chupa nzima ya mafuta ya udi. Imemwagika kwenye kiti hicho ulichokaa, mimi nimekuja nimetandika shuka. Nilipokuwa nashuka mashua asubuhi, mtu wa bodaboda alikuwa ameegemea gari, vioo vimefungwa, na aliniuliza nimebeba nini. Wewe umekaa humo ndani, na hukusema hata mashallah." Akangoja. "Tangu lini?"

Husni aliangalia chini. Suruali yake ya kazi ilikuwa imeshika mafuta ya udi mapajani, doa kubwa la kung'aa, na yeye hakuwa na habari.

"Miaka mitatu na nusu," alisema.

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna kitu kabisa."

Bi Rawiya akavuta kigoda akaketi. Hakusema pole. Husni aliniambia kwamba hilo ndilo lililomponya siku ile, kwamba hakusema pole. Alikaa akifikiri, kama anayefikiria udi ambao haujakaa sawa, kisha akasema, "Basi pua ninayo mimi. Wewe una kitwa. Niambie ninuse nini."

Husni alicheka kidogo kwa aibu. Lakini Bi Rawiya hakuwa anatania. Akasimama, akakunja mikono ya buibui.

Jambo la kwanza, Husni alibadilisha nguo, akavua kitambaa cha kiti na kukitoa nje, na wakafungua milango yote ili upepo wa bahari upite, kwa maana udi ule ungefunika kila kitu. Bi Rawiya aliposema udi umepungua, Husni akakaa kando yake, naye Bi Rawiya akaendesha kuelekea barabara ya Hindi. Husni akaanza kumwuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ilibidi aziweke harufu ndani ya maneno.

"Ikija, niambie. Ni tamu? Kama sukari inayochemka?"

"La."

"Hiyo ingekuwa mai ya rediyeta. Ni kali, kama nywele zilizoungua?"

"La. Hiyo najua, ni mpira."

"Kama karatasi iliyoungua, chungu kidogo?"

"Si hiyo. Ngoja." Walikuwa wamefika penye matuta karibu na shule, akapunguza mwendo, akasimama. "Haya sasa. Yaja. Ni mafuta, Bwana Husni. Kama karai la bajia lililosahauliwa motoni, mafuta yale ya chini yaliyoganda. Yaanza nyembamba, kisha yanenepa."

"Ulipokuwa ukienda mbio ilikuwako?"

"Haikuwako. Yaja ninaposimama."

Husni akapiga paja lake. Hakuwa amefanya hivyo kwa muda mrefu. Alimweleza: gari likienda mbio, upepo unaichukua harufu nyuma. Likisimama, inapanda na kuingia ndani. Maana yake ni kwamba oili inaunguzwa nje ya injini, imedondokea mahali pa moto. Akamwomba ashuke, aende nyuma, anuse moshi unaotoka kwenye bomba, kwa mbali, asijidhuru. Mwenyewe akasimama kando kuangalia rangi.

"Petroli tu na mvuke," alisema Bi Rawiya. "Lile karai halimo humu."

"Na mimi sioni moshi wa buluu, wa oili iunguayo ndani. Basi ring'i hazijalika. Injini yako nzima."

Bi Rawiya alifunga macho kidogo, akasema alhamdulillahi kimoyomoyo. Waliondoka hapo, yeye akiendesha ameketi wima zaidi.

Mokowe, Husni alifungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila upande, imechanganyika na vumbi la miaka, na kutafuta uvujaji hapo ni kama kutafuta tone la mvua baharini. Hivyo alingoja injini ipoe, akaiosha kwa mafuta ya taa na sabuni, akaisuuza kwa uangalifu, akaiacha ikauke juani mpaka baada ya swala ya adhuhuri. Kisha akamtuma mtu dukani alete kopo la poda ya watoto. Akaipuliza poda juu ya injini pande zote, ikawa nyeupe kama andazi lililonyunyiziwa unga.

"Haya, Bi Rawiya. Twende tena mpaka pale pale."

Waliporudi, walifungua boneti pamoja. Kwenye weupe ule, nyuma, upande wa kioo, palikuwa na mstari mmoja mweusi uliolowa. Ulianzia kwenye pembe ya kifuniko cha juu cha injini, ukateremka taratibu, ukaangukia moja kwa moja kwenye bomba la moto linalobeba moshi. Bi Rawiya aliinama, akanusa pale.

"Ndiyo hii."

"Ndiyo hiyo."

"Lakini gasketi hiyo ndiyo waliyobadilisha mara mbili."

Hilo ndilo lilikuwa swali, na mafundi wawili hawakujiuliza. Gasketi mpya inavuja kwa nini? Husni aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalitazama gari kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na nusu alikuwa anafikiri juu ya injini wala hakuwa anaiogopa. Akainuka, akamwomba Bi Rawiya awashe. Injini ikinguruma, akafungua kifuniko cha kutilia oili na kukiacha tu juu ya tundu lake bila ya kukikaza. Kifuniko kilianza kucheza, kikiruka na kuanguka kama kifuniko cha sufuria ya wali. Akakiondoa, akafunika tundu kwa kiganja. Pumzi ya joto ilimsukuma mkono.

"Imefungwa pumzi," alisema.

Kila injini, alimweleza, ina mrija mdogo wa kupumulia, wenye kivalvu chake, wa kutoa pumzi inayojikusanya ndani. Mrija ukiziba, pumzi inatafuta njia nyingine, na inasukuma oili nje penye udhaifu. Ungeweka gasketi mia, zote zingevuja. Akachomoa mrija ule, akauelekeza juani na kuchungulia. Hapakupita mwanga hata kidogo. Ulikuwa umejaa uchafu mzito wa rangi ya maziwa na kahawa, kama lami laini. Kivalvu nacho, alipokitikisa sikioni, hakikulia. Kikiwa kizima hulia kama kokwa ndani ya tende kavu.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza Bi Rawiya.

Husni alisita. "Hakuna aliyefanya. Gari ilikaa miezi minane. Halafu Hindi na kurudi, Hindi na kurudi. Injini haikupata kuchemka ikakauka ndani. Unyevu umechanganyika na oili. Enzi ya marehemu ilikuwa ikienda Malindi, ikapumua."

Bi Rawiya aliweka mkono juu ya ukingo wa boneti, pale rangi ilipokuwa imechujuka, akauacha hapo.

"Hiyo miezi minane," alisema, "nilikuwa siwezi kuziangalia funguo."

"Najua."

Kivalvu kipya hakikupatikana Lamu nzima. Husni alipiga simu Malindi, kikatiwa ndani ya bahasha na kupewa dereva wa basi, kikafika Jumatatu mchana. Katika siku hizo mbili Husni alifungua kifuniko cha juu, akakwangua silikoni ambayo fundi wa kwanza aliipaka kwa wingi juu ya gasketi, akakilaza kifuniko kwenye kioo ili aone kama kimepinda. Hakikupinda. Akaosha mrija mpaka mwanga ukapita. Akaweka gasketi mpya kavu, akakaza parafujo kidogo kidogo, moja huku na moja upande wa pili, kama mjomba wake alivyokuwa akifanya. Akabadilisha oili yote, na ile ya zamani ilitoka nzito, nyeusi, yenye kamasi.

Bi Rawiya alivuka kila siku. Alikuja na chupa ya kahawa na bakuli ya mahamri, akaketi kwenye kigoda, na wakazungumza habari za zamani. Alimkumbusha siku ile aliyomwumbua Ibtihal. Husni alimuuliza, akijaribu kufanya sauti yake iwe ya kawaida, kama anaweza kumwambia ndani ya gari kulikuwa kukinuka nini wakati ule, wakirudi.

Bi Rawiya alifikiri. "Maembe, kweli. Lakini chini yake kulikuwa na vinili ya viti iliyopigwa jua. Na mafuta ya nazi kwenye nywele za watoto, yale yaliyokwisha kuchacha kwa joto. Na Swafwan alikuwa na chokaa ya ubaoni mifukoni, hata likizo. Vumbi la Garsen, kavu, la kuwasha puani. Na marashi yangu, ambayo nilipaka Malindi asubuhi, yamebaki mzizi tu."

Husni alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakusikia harufu yoyote. Lakini alimwona Bwana Swafwan akishuka, akipangusa shati, na watoto wamemfuata nyuma, na aliwaona wazi zaidi kuliko alivyopata kuwaona tangu kuugua kwake.

Jumatatu alasiri waliwasha. Kifuniko cha oili kiliachwa wazi juu ya tundu, kikatulia. Wakatoka kwenda Hindi. Husni alimtahadharisha mapema: "Itanuka kidogo mwanzo. Ni oili iliyobaki kwenye bomba. Usivunjike moyo."

Walipofika kwenye matuta alisimama. "Iko."

"Nyingi?"

"Nusu ya ile."

Walikwenda mbele, wakasimama tena. "Robo." Mzunguko wa Hindi walisimama mara ya tatu, na Bi Rawiya akashuka, akafungua boneti mwenyewe, akainama. Watu wa stendi walimtazama mwanamke yule wa buibui ameingiza kichwa kwenye injini, na mzee amesimama kando yake hasemi lolote, anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Chuma cha moto," alisema Bi Rawiya. "Na vumbi. Basi."

"Una hakika?"

"Bwana Husni, mimi naweza kukwambia udi umekaa siku ngapi kwenye kopo. Ni chuma na vumbi."

Husni alifunga boneti. Alikwenda kando ya barabara akasimama huko kidogo, amewapa mgongo, kisha akarudi.

Alhamisi alfajiri Bi Rawiya aliondoka na vikopo vyake vya udi na chetezo cha siku arobaini za uzazi wa bintiye. Wazir alisisitiza kumsindikiza. Alitangulia kukaa kiti cha dereva, na mamake akamwambia ahamie upande wa pili. Mtoto alizaliwa Jumapili, wa kike, akaitwa Nusra.

Wiki hiyo hiyo Husni alikwenda gereji ya Rufus, akaketi, akamwambia yote, na habari ya ile petroli akamwambia. Rufus akaweka spana chini, akasema, "Mzee, mimi nilidhani unanichukia. Ndiyo maana hukuwa unaingia huku." Siku hizi wanafanya kazi pamoja. Likija gari lenye harufu, Rufus hunusa na Husni huuliza. Na kama mwenye gari yupo, Husni humwambia waziwazi kwamba yeye hasikii harufu, kwa hiyo ajitayarishe kusema. Wengine hawajui kusema. Husema tu "inanuka vibaya." Husni huwavumilia, huwauliza moja moja, kama karai, kama nywele, kama sukari, mpaka wapate neno.

Mimi mwenyewe niliulizwa maswali hayo mwezi wa pili mwaka huu, gari langu lilipokuwa na shida ya klachi, na hapo ndipo aliponisimulia haya. Nilimuuliza kama pua yake haijarudi hata kidogo. Alisema kwamba asubuhi moja, alipokuwa akifungua kibanda, kitu kilimpita puani, chembamba, kikali, kama ganda la limau likibonyezwa. Aliacha kufuli mkononi, akasimama asitikisike, akingoja kije tena. Pale gatini watu walikuwa wakishusha mizigo, na huenda kulikuwa na ndimu, huenda hakukuwa na kitu. Hakuwauliza.